Nyumba Inauzwa Mafia, Picha Imeshafika Muscat

Kwenye kuta za nyumba nyingi za Dar es Salaam na miji mingine ya pwani yameandikwa kwa rangi maneno haya: NYUMBA HII HAIUZWI. Pengine chini yake huongezwa: Ogopa matapeli. Anayeyaona kwa mara ya kwanza huona ni kichekesho, maana ni nani anayetangaza asichouza? Lakini maneno hayo yanalieleza soko letu la nyumba vizuri kuliko matangazo mengi ya kuuza. Aliyeyaandika anajua kwamba nyumba yake inaweza kuuzwa na asiyehusika: ndugu, mrithi mwenzake, au mtu baki aliyeghushi karatasi. Simu janja zilipoingia zililikuta soko likiwa na hofu hiyo tayari, kisha zikaizidisha. Tapeli wa zamani alilazimika angalau kumfikisha mnunuzi mlangoni. Wa leo picha inamtosha.

Kwa hiyo anayeuliza namna ya kutangaza nyumba katika zama hizi za mtandao anauliza maswali mawili kwa pamoja: nyumba itaonekanaje, na muuzaji ataaminikaje? La kwanza limeshapata jibu, na jibu lenyewe ni rahisi. La pili ndilo linalouza nyumba, na katika kisiwa kama Mafia ndilo gumu zaidi.

Mafia ni wilaya ya mkoa wa Pwani. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 66,000, na mji ni mmoja tu, Kilindoni. Anayetoka Dar es Salaam hupanda ndege ndogo kwa muda wa nusu saa na ushei, au huteremka hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, akavuka kwa kivuko cha MV Kilindoni au kwa boti. Saruji, nondo na bati hupita kwenye maji hayo hayo. Ndiyo maana nyumba iliyokwisha kusimama Mafia ina thamani isiyoonekana kwenye picha: gharama ya kuvusha vifaa imeshalipwa na mwingine. Ajabu ni kwamba matangazo mengi hayaligusi jambo hilo. Yanasifu vigae.

Wanunuzi wenyewe si wengi, na hawafanani. Yupo Mmafia aliyehamia Dar es Salaam na anataka pa kufikia akirudi. Yupo mtumishi aliyepangiwa kazi Kilindoni akakaa miaka, au mfanyabiashara wa samaki aliyechoka kupanga. Yupo mwenye asili ya kisiwani anayeishi Muscat au Ulaya. Na yupo mwekezaji wa utalii, ambaye macho yake yako Utende na Ghuba ya Chole, zinakoshukia boti za wapiga mbizi. Mtumishi wa Kilindoni hatafuti nyumba kwenye tovuti. Anasubiri aone stetasi ya WhatsApp ya mtu anayemfahamu. Ndugu wa Muscat anapata habari kwenye kundi la familia, mara nyingi kwa ujumbe wa sauti. Mwekezaji anatafuta kwa Kiingereza, na hapo kuna kisa cha pekee cha kisiwa hiki: ukiandika neno Mafia peke yake kwenye intaneti, unaletewa majambazi wa Italia. Tangazo lisilotaja Kisiwa cha Mafia, Kilindoni, Tanzania, limezama kabla halijaelea.

Hata msimu una sehemu yake. Papa potwe huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Machi, na wageni wanaokuja kuwatazama huja wakati huo. Nyumba ya kumvutia mwekezaji itangazwe wakati huo, maana tangazo linalomfikia mtu aliyeko kisiwani, anayeweza kupanda bodaboda akaja kuona jioni ile ile, linashinda matangazo mengi ya mwezi wa masika. Na lipimwe kwa bando la mnunuzi. Video ya dakika kumi yenye muziki humaliza bando kabla mtu hajafika jikoni. Ya dakika moja, bila muziki, inayoanzia barabarani ikaishia uani, itasambazwa.

Zamani tangazo lilikuwa sauti. Habari za nyumba inayouzwa zilipita barazani, bandarini, na nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, na aliyezibeba zaidi ni dalali. Dalali hakufutwa na mtandao. Amehamia humo na mazoea yake yote, la kwanza likiwa cha juu. Mwenye nyumba anataka milioni 40; dalali wa kwanza anaongeza yake, anampelekea mwenzake kwenye kundi la WhatsApp, naye anaongeza yake. Zamani mnunuzi alikutana na dalali mmoja na bei moja, na cha juu kilibaki siri ya watu wawili. Leo nyumba ile ile, mlango ule ule wa kijani, inaonekana kwenye kurasa tano kwa bei tano. Mnunuzi hadhani kwamba madalali ni watano. Anadhani muuzaji ni mwongo. Na muuzaji, ambaye pengine hana hata simu janja, hajui kwamba jina lake limeharibika.

Dawa yake si kumfukuza dalali. Kisiwani dalali mzuri ni hazina: anajua nani ameuza nini kwa nani, mpaka wa shamba unapita kwenye mnazi upi, na ndugu yupi aliondoka na kinyongo. Dawa ni kumpa mmoja kazi, kwa maandishi, ujira ukajulikana, na bei ikaandikwa wazi kwenye tangazo lenyewe. Najua mazoea yetu ni kuandika "bei maongezi yapo". Kwa mnunuzi wa mtaani maneno hayo ni adabu, yanamkaribisha kuketi. Aliyeko mbali huyasoma tofauti: anahisi kwamba bei itategemea sura yake au lafudhi yake kwenye simu, naye hupita zake. Andika bei, kisha ongeza kwamba maongezi yapo. Hakuna kinachopotea.

Tukija kwenye picha, mpiga picha anayeijua bahari anaweza kudanganya bila kubadilisha chochote. Pwani ya Mafia maji hupanda na kushuka kwa tofauti kubwa. Nyumba iliyopigwa picha wakati wa bamvua, maji yamejaa, huonekana kama mtu anaweza kutumbukiza miguu akiwa barazani. Maji yakipwa siku hiyo hiyo, bahari hurudi nyuma mbali, mashua zinabaki zimekaa mchangani, na mnunuzi aliyekuja na nguo za kuogelea anatazama matope na mwani. Picha ile haikuwa ya uongo, lakini imefanya kazi ya uongo. Muuzaji mwenye akili huweka picha mbili, ya maji kujaa na ya maji kupwa, akaandika saa. Huyo amejiokolea safari za watu ambao wasingenunua hata hivyo, na anayekuja baada ya kuziona zote mbili anakuja kwa nia. Hali ni hiyo hiyo kwa mvua. Barabara ya Kilindoni hadi Utende ina lami. Nyingi za ndani hazina, na nyumba inayofikika vizuri wakati wa kaskazi inaweza kuwa na habari nyingine Aprili.

Upotoshaji mkubwa kuliko wa picha uko kwenye jina la mahali. Matangazo ya Kiingereza hupenda kuiweka Mafia ndani ya funguvisiwa la Zanzibar. Kwa mtalii si kosa kubwa. Hata jiografia inaruhusu. Kwa mnunuzi wa nyumba ni kosa linaloweza kumgharimu akiba yake yote. Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, lakini mapatano ya 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani yaliiweka upande wa Wajerumani. Waingereza waliiteka Januari 1915, wakaitumia katika kuiwinda manowari ya Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, na mwaka 1922 ikaunganishwa na Tanganyika. Tangu hapo, kisheria, Mafia ni Bara. Tukio hilo la kikoloni ndilo linaloamua leo nani anaweza kununua nyumba Utende.

Zanzibar mgeni anaweza kununua fleti katika miradi iliyoidhinishwa, na matangazo ya miradi ya Fumba, huko huko Zanzibar, yameujaza mtandao kwa habari hiyo. Bara, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 haimpi asiye raia haki ya kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliosajiliwa. Mtaliano aliyeona video ya Fumba, kisha akaona kibanda cha ufukweni Mafia kwa bei nusu, anadhani amepata bahati. Hajapata. Hapo ndipo hutokea yule rafiki Mtanzania anayeandikishwa jina kwa niaba yake, na hapo ndipo kesi nyingi za pwani huanzia. Tangazo la Kiingereza lisilosema ni nani anayeruhusiwa kununua linamkaribisha mtu asiyeweza kukaa.

Kuna pia mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Kwa hiyo "kiwanja kinafika hadi majini" ni sifa inayopaswa kumtia mnunuzi shaka, si tamaa. Na sehemu kubwa ya kusini na mashariki ya kisiwa, pamoja na Chole, Juani na Jibondo, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa 1995, ambako ujenzi na matumizi ya pwani vina masharti yake. Anayeuza nyumba ndani ya hifadhi aseme hivyo mwenyewe, kabla mnunuzi hajaambiwa na mtu wa boti.

Mambo hayo ya sheria za nchi yanapatikana kwa kuuliza. Yaliyofichika zaidi ni ya ndani ya ukoo. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake katika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa Mafia, mwaka 1965, alieleza katika kitabu chake cha 1975 jinsi ardhi ilivyokuwa imeshikwa na makundi ya ukoo huku minazi ikiwa mali ya mtu mmoja mmoja, ya kurithi na kuuza. Mengi yamebadilika tangu wakati huo, lakini swali limebaki. Kwenye picha nzuri ya nyumba iliyozungukwa na minazi, minazi ile ni ya nani? Inauzwa pamoja na nyumba, au kuna shangazi aliyehamia Mbagala ambaye kila msimu anatuma mtu kuja kuangua? Mnunuzi wa mtandaoni haulizi, maana mahali anakotoka mti ni sehemu ya ua. Atauliza akishahamia, siku atakapomkuta mkwezi juu ya mti wake.

Warithi nao wanahitaji kutazamwa kwa makini. Nyumba nyingi za vijijini ni za marehemu ambaye mirathi yake haijafunguliwa. Mkubwa wa nyumba anakaa humo, anaonekana ndiye mwenyewe, na akipata shida anaiweka sokoni. Dada zake wana haki katika ile nyumba kwa mujibu wa mirathi ya Kiislamu, na katika fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mshirika katika mali isiyogawanywa ana haki ya shufaa: kununua sehemu ya mwenzake kabla ya mtu wa nje. Siku za nyuma habari ya kuuza ilianza kwa ndugu ndipo ikatoka nje. Mtandao umegeuza mpangilio huo. Sasa dada anaiona nyumba ya baba yake kwenye Facebook, ikiwa na bei, na maoni ya watu wasiomjua wanaosema ni ghali. Hata kama angekubali kuuza, hapo atakataa, na mimi simlaumu. Kabla ya kupiga picha hata moja, kikao cha familia kikae, msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama ya mwanzo, na muhtasari uandikwe. Mke au mume naye ahusishwe: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza. Muuzaji aliyekamilisha haya ana bidhaa ambayo majirani zake wanaouza hawana.

Tuchukue tangazo la kawaida, la aina inayopita kila siku kwenye makundi: "Nyumba inauzwa Mafia, vyumba vitatu kimoja masta, sebule kubwa, tailizi, jipsamu, umeme na maji vipo, karibu na bahari, eneo limechangamka, hati ipo, wahi mapema." Karibu kila neno lina tundu. "Hati ipo" inaweza kuwa hatimiliki ya serikali ya miaka 33, 66 au 99. Inaweza kuwa hati ya hakimiliki ya kimila iliyotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999. Na mara nyingi ni karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Karatasi hiyo ni ushahidi wa makubaliano. Hatimiliki si hiyo. "Maji yapo": ya bomba, ya kisima, au ya chumvi? "Wahi mapema" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ndiyo lugha ya tapeli, na muuzaji mkweli anayeiazima anajivisha sare isiyo yake.

Tangazo hilo lingeandikwa hivi: "Nyumba ya vyumba vitatu inauzwa na mmiliki mwenyewe, Kilindoni, Kisiwa cha Mafia. Mke ameridhia kwa maandishi. Kiwanja kimepimwa, hatimiliki ni ya miaka 33. Nakala ataoneshwa anayekuja na kitambulisho. Kisima cha maji baridi, hupungua kiangazi. Bahari ni dakika kumi kwa miguu. Ufuo hukauka maji yakipwa. Bati za upande wa uani zina kutu. Bei milioni 40, maongezi yapo. Hatupokei pesa yoyote kabla ya mnunuzi kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati." Ile kutu ya bati itauza nyumba. Msomaji akiona muuzaji ametaja kasoro ambayo haikulazimika kutajwa, anaanza kuamini na yale mazuri. Nakala ya hati haimo kwa makusudi, maana kuibandika nzima mtandaoni ni kumpa mghushi kielelezo.

Sentensi ile ya mwisho kuhusu pesa ina uzito wake. Watanzania tumezoea kutuma pesa kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na urahisi huo umezaa ujumbe ambao karibu kila mwenye simu ameshaupata: ile hela tuma kwenye namba hii. Upo hata unaojifanya mwenye nyumba anayedai kodi. Kwenye mauzo, mtego huitwa kishika uchumba: tuma kidogo niliondoe tangazo, kuna mwingine anakuja kesho. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayefanya hivyo, lakini kesi haimrudishii mtu wa Muscat riyali zake upesi. Mnunuzi wa mbali amtume mtu wake, si mtu wa muuzaji, aende ofisi ya kijiji, azungumze na majirani wa pande zote nne, na apige video yake mwenyewe bila kuagizwa aelekeze wapi kamera. Nyumba ikiwa kwenye ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji ndiyo mlango. Ikiwa na hatimiliki, upekuzi hufanywa kwenye kumbukumbu za ardhi za mkoa. Na wote wawili waelewane mapema nani atalipa nini: muuzaji mkazi anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, na uhamisho una ushuru wa stempu wa asilimia 1. Mauziano mengi yanayoharibika mwishoni huharibikia hapo.

Muuzaji peke yake hawezi kuyasafisha yote. Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Majengo tangu 1984, inayomtaka wakala asajiliwe. Tanzania Bara tulimtungia mthamini sheria yake mwaka 2016, lakini dalali amefanya kazi kwa miaka mingi bila sheria mahsusi ya kumsajili, ilhali yeye ndiye anayeshika picha, bei na mara nyingine pesa. Utapeli umeachwa uwe shida ya mtu mmoja mmoja, na ndiyo maana tunapaka kuta rangi.

Sheria ya nchi itachukua muda wake. Halmashauri ya Wilaya ya Mafia haina haja ya kuisubiri. Kila kijiji kinawajua madalali wake kwa majina na kwa baba zao. Majina hayo yaandikwe, yabandikwe ofisi ya kijiji na kwenye ukurasa wa halmashauri, pamoja na namba ya simu ya mtendaji atakayejibu swali moja la mnunuzi aliyeko mbali: je, nyumba hii inauzwa kweli, na anayeiuza ndiye?